Nitajuaje kama nipo kweli? Augustino, Descartes, Ibn Sina, Hume na Mbiti wakilinganishwa

Swali hili haliji kwa kila mtu kwa mlango mmoja. Yupo anayekutana nalo darasani, mwalimu anamtaja Descartes kwa dakika tano kisha kengele inalia. Yupo aliyetazama video ya jamaa anayedai dunia nzima ni programu ya kompyuta, akalala na wasiwasi. Yupo aliyefiwa, na tangu msiba anaona mambo yake yote kama yanamtokea mtu mwingine. Na yupo ambaye ofisi fulani imemwambia jina lake halipo, au lipo katika orodha ya marehemu. Wote wanauliza "nitajuaje kama nipo kweli?", lakini shaka yao si moja. Ukimpa huyu jibu la yule, anaondoka kama alivyokuja.

Basi hoja ninazozilinganisha hapa nazipima kwa mambo matatu: inamnyamazisha nani, inakuachia nini mkononi, na inakutaka ukubali nini kabla haijaanza kazi. Hili la tatu ndilo linalosahaulika sana, na ndilo linaloamua.

Augustino na Descartes: karibu hoja moja, lakini chagua toleo

René Descartes alikuwa Mfaransa aliyefanya kazi zake kubwa akiwa Uholanzi. Mwaka 1637 alichapisha kwa Kifaransa maneno ambayo hata asiyejali falsafa ameyasikia: nafikiri, kwa hiyo nipo. Mwaka 1641 aliyarudia kwa Kilatini, safari hii kwa uangalifu zaidi, na toleo hili la pili ndilo ningemshauri mtu alishike. Anavua kimoja kimoja kila anachoweza kukitilia shaka. Macho hudanganya. Ndoto huweza kufanana na kuwa macho. Hata hesabu haimpi uhakika: huenda yupo pepo mwenye nguvu na hila anayemkoseshea jibu kila anapojumlisha mbili na tatu. Halafu anafika mahali ambapo pepo mwenyewe anakwama. Anidanganye atakavyo, hawezi kunifanya nisiwe kitu wakati ninawaza kwamba mimi ni kitu. "Nipo" ni kweli kila ninapoitamka au kuiwaza.

Angalia kwamba mwaka 1641 lile "kwa hiyo" halimo tena. Ukiliweka, mjanja atakuuliza umejuaje kwamba kila kinachofikiri lazima kiwepo, na hapo umeshaingia katika kuitetea kanuni ambayo nayo yaweza kutiliwa shaka. Ukiliondoa, huna hitimisho la kutetea. Una jambo unaloliona palepale unapolitenda.

Padri Pierre Gassendi, mwanafalsafa wa zama zilezile, alimchokoza Descartes: tendo lolote si lingetosha? Si ungeweza kusema natembea, kwa hiyo nipo? Jibu likawa hapana, kwa sababu unaweza kuota unatembea ilhali umelala kitandani. Usichoweza kukosea ni kwamba unadhani unatembea.

Zaidi ya miaka 1,200 kabla ya hayo, Augustino alikuwa ameshapita njia hiyo. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akawa askofu wa Hippo, Annaba ya leo. Waliomsumbua ni watu wa shule ya mashaka, ambao kwa kila unalodai kulijua walikuwa na swali moja tu: je, kama unakosea? Akawajibu: nikikosea, nipo, maana asiyekuwepo hawezi hata kukosea. Descartes alielekezwa kwenye maneno hayo mwaka 1640 na mtu waliyekuwa wakiandikiana barua. Akajibu kwamba siku ileile amekwenda maktaba ya mji wa Leiden kuyasoma, akakiri yanafanana na yake, ila akasisitiza kwamba Augustino aliyatumia kwa kazi nyingine.

Kwa mabishano ya ana kwa ana, mimi namchukua Augustino. Toleo lake halianzi na lolote la kwako; linachukua shutuma ya mpinzani na kuifanya ushahidi. Akisema "unakosea", ameshakubali kwamba yupo anayekosea. Descartes ni mzuri zaidi ukiwa peke yako na unataka kuona hatua kwa hatua shaka inafika wapi.

Kwa kijana wa video, hoja hii inatosha kabisa, wala hahitaji nyingine. Hata kama ulimwengu wote ni programu, anayedanganywa na programu hiyo yupo. Swali linalobaki ni ametengenezwa na nini, na hilo si swali lililomkosesha usingizi.

Lakini tazama ulichobakiwa nacho: kidogo sana. Huna mwili, huna jana, huna jina wala mama. Descartes mwenyewe alijiuliza yupo kwa muda gani, akajibu kwamba ni kwa muda anaofikiri, na kwamba huenda akiacha kufikiri kabisa angekoma kuwepo. Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa fizikia wa Göttingen katika karne ya 18, alitaka kupunguza hata hicho. Alisema haki yetu ni kusema tu "kuna kufikiri", kama tunavyosema "kuna radi". Huyo "mimi" tumemwongeza wenyewe kwa sababu anatufaa katika shughuli zetu. Sijaona jibu la Descartes linaloziba tundu hilo moja kwa moja. Kwa hiyo ukichagua hoja hii, jua umenunua uhakika mkubwa kuliko wote juu ya kitu kidogo kuliko vyote.

Ibn Sina: mtu aliyening'inia hewani

Wasomaji wengi wanamjua Ibn Sina kama tabibu. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, akafariki mwaka 1037, na kitabu chake cha tiba kilifundishwa Ulaya kwa karne kadhaa. Katika maandishi yake juu ya nafsi kuna jaribio la kifikra ambalo, kwa maoni yangu, ni zuri kuliko lolote la Descartes, ingawa halifanyi kazi ileile.

Anasema: jidhanie umeumbwa sasa hivi, mtu mzima, kwa mara moja. Macho yamezibwa. Unaning'inia hewani au katika utupu, kiasi kwamba hata msukumo wa hewa huusikii. Viungo vimetengana, mkono haugusi ubavu, kidole hakigusi kidole. Hujawahi kuona wala kusikia kitu, na huna kumbukumbu. Je, utathibitisha kwamba upo? Anajibu ndiyo, bila shaka, ingawa hutathibitisha mkono, moyo wala ubongo, kwa kuwa hujui hata kama vipo.

Pepo la Descartes halimo humu, wala hakuna mpinzani wa kushindwa. Ibn Sina mwenyewe analiweka jaribio hili kama tanbihi, jambo la kumzindua mtu aone alichokuwa anakijua siku zote, na anasema linamfaa mwenye uwezo wa kuiona kweli mwenyewe bila kusukumwa. Ndiyo maana nasema usilipeleke kwenye ubishi. Mpinzani atasema "mimi nikijidhania hivyo naona giza tu", na huna la kumfanya.

Ukitaka kulijaribu, lala chali gizani, feni imezimwa, ujaribu kuviondoa kimoja kimoja. Utashangaa mwili ulivyo king'ang'anizi. Ukishausahau uzito wa shuka, kuna kisogo kwenye mto. Ukisahau kisogo, moyo unasikika masikioni. Ukiuzoea moyo, kuna ulimi, na ulimi daima unagusa kitu: meno, kaakaa, mate. Hakuna binadamu atakayelifikia jaribio lenyewe kwa njia hii, wala Ibn Sina hakusema alifikie. Lakini katika kushindwa huko unaona anachokielekeza. Kila unachokisukuma pembeni, yupo anayekisukuma, na yeye hujamsukuma bado.

Ibn Sina alitaka pia kitu kikubwa zaidi, yaani kwamba nafsi si mwili, kwa kuwa naijua nafsi bila kuujua mwili. Hapa ndipo ninapomwacha. Mtoto wa shule anaweza kuwa na hakika kwamba amesoma habari za Tippu Tip, na wakati huohuo asijue lolote kuhusu Hamed bin Muhammed el Murjebi. Haifuati kwamba ni watu wawili. Ni mfanyabiashara mmoja, aliyefia Zanzibar mwaka 1905. Kadhalika naweza kuijua nafsi yangu bila kuujua ubongo wangu, na bado vikawa kitu kimoja. Kasoro hiyo anayo Descartes pia, maana naye alitoka kwenye "naweza kuushuku mwili wangu lakini si akili yangu" akakimbilia "basi ni vitu viwili". Wote wawili walipata uhakika kwamba wapo, kisha wakaudai utoe zaidi ya uliokuwa nao.

Nani achague hoja hii? Anayehisi kwamba Descartes amempunguza akabaki kichwa kitupu chenye mawazo. Kwa Ibn Sina, kujijua kunatangulia mawazo. Huhitaji kufikiri jambo lolote ndipo ujue upo, na kwa hiyo Lichtenberg hapati kirahisi pa kumshika.

Hume: anayekwenda kukutafuta asikuone

Mwaka 1739 David Hume wa Edinburgh, akiwa na miaka isiyofika 30, alichapisha jambo ambalo wengi hulisoma kama utani hadi wanapolijaribu wenyewe. Alisema kila anapoingia ndani kujitafuta, hajikuti. Anakuta joto au baridi, mwanga au kivuli, pendo au chuki, maumivu au raha. Hajawahi kujinasa bila kuhisi kitu fulani. Kwa hiyo huyo "mimi" ni furushi la hisia zinazofuatana kwa kasi. Karne nyingi kabla yake, mtawa wa Kibuddha Nagasena alimweleza mfalme Milinda jambo la jamaa hiyo kwa mfano wa gari la farasi: si gurudumu, si ekseli, si nira, na hakuna "gari" jingine nje ya hivyo.

Watu humtaja Hume kama aliyethibitisha kwamba hatupo. Sivyo. Alichokikana ni kwamba kuna kitu kimoja kinachokaa vilevile chini ya hisia zote. Furushi nalo lipo. Mwaka 1740 aliongeza nyongeza akikiri kwamba haoni kinachozifunga hisia hizo pamoja, na kwamba suala hilo limemwingiza katika mzingile asiojua pa kutokea. Ni nadra mwanafalsafa kusema hivyo kwa maandishi, na kwangu mimi hilo linampa alama.

Mweke Hume kando ya Ibn Sina uone wanavyogongana. Mmoja anasema ondoa hisia zote, utajikuta. Mwingine anasema ondoa hisia zote, hutakuta kitu. Wote wanakutuma mahali pamoja, na jaribio la ulimi na kisogo haliwezi kuwaamua, kwa sababu hakuna anayefika kwenye hisia sifuri akarudi kutoa taarifa. Mimi naegemea kwa Ibn Sina kwa sababu moja: maneno ya Hume yenyewe, "kila ninapoingia ndani", yanahitaji mtu wa kuingia. Mfuasi wake atasema huo ni ulegevu wa lugha tu. Inawezekana, ila sijamwona aliyeuondoa ulegevu huo akabaki anaeleweka.

Hume anamfaa anayeogopa kwamba si yule aliyekuwa miaka kumi iliyopita. Hoja ya Descartes itamwambia yupo sasa na kunyamaza. Hume atamwambia hakuna aliyewahi kuwa kitu kilekile, na kwamba huko kubadilika ndiko kuwepo kwenyewe.

Mbiti: nipo kwa sababu tupo

Mwaka 1969 John Mbiti, padri wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika kwa Kiingereza sentensi iliyosafiri kuliko vitabu vyake: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Waswahili walikuwa na yao fupi, mtu ni watu. Siku hizi sentensi ya Mbiti hubandikwa ukutani kama jibu la Mwafrika kwa Descartes, na hapo inaonewa. Si jibu kwa Descartes. Inaanza kwa kukubali kwamba watu wengine wapo, na hicho ndicho anachokishuku yule kijana wa video. Ukimwambia "upo kwa sababu tupo", atakuuliza "na nyie nitajuaje?"

Inachokijibu ni swali la mtu wa ofisini.

Fikiria mstaafu anayekwenda kuhakikiwa. Karani kijana anamwamkia shikamoo, anapokea kitambulisho, anatazama kompyuta, anatazama tena. "Mzee wangu, huku unaonekana umeshafariki." Mzee amekaa hapo, anapumua, ana fimbo na miwani. Anaambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa, yenye muhuri, kwamba yu hai. Mpe mzee huyo hoja ya 1641, imthibitishie mara mia moja kwamba yupo, pensheni haitoki. Anachohitaji ni watu wa kusema yupo: mjumbe, jirani, mwenyekiti mwenye muhuri.

Nchini India jambo hili lilimfika Lal Bihari, mkulima wa Uttar Pradesh. Ami yake alihonga maofisa wamwandikishe kuwa amekufa ili amchukulie shamba. Kwa kumbukumbu za serikali alikuwa maiti tangu mwaka 1975 hadi 1994. Alianzisha chama cha watu waliokufa kwenye karatasi, akagombea ubunge mwaka 1989 dhidi ya waziri mkuu Rajiv Gandhi ili serikali ilazimike kumtambua kuwa hai. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba yupo. Kwa upande wa Augustino alikuwa tajiri. Alichonyang'anywa ni kile cha Mbiti.

Kisa hicho kinaonyesha pia mahali hoja ya Mbiti inapopwaya. Waliomfuta Lal Bihari ni "sisi" yake mwenyewe, yaani ukoo na serikali yake. Kama kuwepo kwangu kunatoka kwenu, mkinikana je? Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliisukuma hoja mbele zaidi mwaka 1984: mtu huzaliwa hajakamilika, utu anaupata kadiri jamii inavyompokea na yeye anavyotimiza wajibu wake. Mghana Kwame Gyekye akampinga kwamba jamii haiwezi kumeza yote, na kwamba mtu anakuja na akili na hiari yake kabla haijampa chochote. Namuunga mkono Gyekye. Wanaoipenda sentensi ya Mbiti mara nyingi ni wale ambao "sisi" yao haijawahi kuwafungia mlango.

Kuna kipande cha Mbiti ambacho hakibandikwi ukutani, nacho ni kizuri zaidi. Alizichukua sasa na zamani kutoka Kiswahili kueleza vipindi viwili vya wakati. Aliyekufa bado yumo katika sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, vizazi vinne au vitano. Akifa wa mwisho aliyemjua, anaingia zamani. Aliyefiwa asome hapo kabla ya kumgusa Descartes. Hoja nyingine zote hapa ni juu ya "mimi" tu, na shida yake haiko kwa "mimi".

Aliyechoka na yote haya

Mwaka 1939 mwanafalsafa G. E. Moore wa Cambridge alisimama mbele ya wasomi, akainua mkono mmoja akasema huu hapa mkono, akainua wa pili akasema na huu hapa mwingine. Basi vitu vya nje vipo. Hoja yake ilikuwa kwamba nina hakika zaidi na mkono wangu kuliko na hatua yoyote ya anayenitaka niushuku. Haimshindi mwenye shaka, wala haigusi moja kwa moja suala la nafsi, lakini kwa mtu mwenye kazi asubuhi naiona ya heshima kuliko kujifanya umeisadiki hoja usiyoisadiki.

Nimeacha kwa makusudi mtu mmoja ambaye hafai kupewa hoja hata moja. Mwaka 1880 daktari Jules Cotard alieleza jijini Paris habari za mwanamke aliyedai hana ubongo, hana neva, hana kifua wala tumbo, na kwamba hahitaji chakula. Alikuwa anafikiri, na anasema waziwazi, na bado imani hiyo haikumtoka. "Nafikiri, kwa hiyo nipo" isingemfaa. Hali nyepesi zaidi ya hiyo, ya kujiona uko mbali na mwili wako au dunia kuwa kama iko nyuma ya kioo, huwapata wengi baada ya mshtuko, kukosa usingizi au hofu kali, na mara nyingi hupita. Isipopita, au ikikuzuia kula na kulala, usikae na Hume usiku. Nenda hospitali, uombe kumwona mtaalamu wa afya ya akili, umwambie kwa maneno hayohayo uliyokuwa unataka kumuuliza mwanafalsafa.